Gari Likianza Kusaga, Usikimbilie Spea

Tumezoea kuongea mbegu, mbolea na bei za sokoni. Leo naomba niongelee kitu kingine kinachokula faida yenu polepole kama minyoo fundo kwenye mizizi: ile sauti ya kusaga inayotoka chini ya gari. Wengi wenu mnabeba mazao kwa pikapu yenye umri sawa na wa kwenu. Gari limeshatembea kilomita laki tatu, laki nne, limebadilisha wenye mara tano, na bado ndilo linalotegemewa kutoa nyanya shamba hadi barabarani kabla jua halijapanda.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda. Kazi ya kwanza ya kutambua ugonjwa wa gari ni ya mwenye gari, sio ya fundi. Fundi anaisikia sauti hiyo dakika kumi. Wewe unaisikia kila siku, ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu, kwenye lami na kwenye vumbi, asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Ukimpelekea gari na kumwambia tu "fundi, inalia huku chini," umemwachia abahatishe, na gharama ya kubahatisha utailipa wewe.

Giaboksi niliyonunua bure

Haya siyasemi kwa kusoma vitabuni. Niliyalipia.

Nina Hilux ya dizeli ya mwaka 1999. Nilipoinunua ilikuwa inasoma kilomita 380,000 na kitu, na mita yenyewe ilikuwa imeshakufa, kwa hiyo umri wake halisi anaujua Mungu. Siku moja natoka Ilula kurudi Iringa mjini nikaanza kusikia kitu kinasaga kwa chini, kama mtu anayesaga karanga kwenye jiwe. Mwendo ukiongezeka na sauti inaongezeka. Nikapeleka gereji. Fundi akaliendesha hadi kona ya pili, akarudi, akazima, akasema bila wasiwasi wowote: "Bwana shamba, hii giaboksi. Gia zimekwisha."

Ningembishia nini? Nilikuwa sina hata neno moja la kumpa zaidi ya "inasaga." Nikauza mahindi niliyokuwa nimeyatunza nikisubiri bei ipande, nikanunua giaboksi ya mtumba, gari likakaa juu ya mawe siku tatu. Siku ya nne nikawasha, nikatoka barabarani, nikafika gia namba tatu. Sauti ileile. Haikupungua hata kidogo.

Nilienda kwa fundi mwingine, mzee wa makamo ambaye siku hizi hashiki spana sana, anakaa kwenye kibao na kuelekeza vijana. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuinuka. Akaniuliza: "Ukikata kona ya kulia inazidi au inapungua?" Sikujua. "Ukiweka nyutro gari likiwa linatembea, inaacha?" Sikujua. "Ukisimama ukapiga resi, unaisikia?" Hapo nilijua: hapana, siisikii. Akacheka. "Sasa giaboksi umeifungua ya nini? Nenda kazunguke na gari, urudi na majibu mawili."

Nilizunguka. Kona ya kulia sauti ilizidi. Kona ya kushoto ilinyamaza kabisa. Nyutro haikubadilisha kitu. Ilikuwa beringi ya tairi la nyuma kushoto. Bei yake, pamoja na kuichomoa na kuishindilia mpya kwa mashine ya presi, haikufika hata sehemu ya kumi ya nilichokuwa nimeshatumia kwenye giaboksi.

Tangu siku hiyo simlaumu sana yule fundi wa kwanza. Nilimpelekea mgonjwa asiyeweza kusema, na mimi mzazi nikawa sijui mtoto anaumwa wapi.

Nyanya ikinyauka unafanyaje?

Ninyi mnaolima nyanya mtanielewa haraka. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kuna mtu anakimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Anapiga. Anapiga tena. Mche unakufa. Kumbe ulikuwa mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu haimgusi bakteria. Wakati huohuo kulikuwa na kipimo cha bure kabisa: kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, umeshapata jibu, na umeokoa hela ya dawa.

Tumelisema hili mara nyingi na wengi mmelishika. Sasa nashangaa: kijana anayekata shina na kuangalia glasi kabla ya kununua dawa ya elfu ishirini, akisikia gari linasaga ananunua spea ya laki saba bila kipimo hata kimoja. Chuma nacho kina glasi yake ya maji. Hapa chini nitaweka vipimo ambavyo yeyote anayejua kuendesha anaweza kuvifanya. Utahitaji barabara tambarare isiyo na watu, mtu mmoja wa kukusaidia kusikiliza, na daftari.

Swali la kwanza: sauti inafuata injini au inafuata tairi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Simamisha gari, vuta hendibreki, weka nyutro, injini ikiwa inanguruma. Piga resi taratibu.

Kama kusaga kunasikika na kunapanda pamoja na resi wakati gari halijasogea, basi acha kuwaza difu, propela au beringi za matairi, kwa sababu hivyo vyote vimesimama. Shida iko kwenye injini na vitu vyake vya mbele, kwenye klachi, au ndani ya giaboksi upande unaopokea nguvu. Hapo kanyaga pedali ya klachi hadi chini na usikilize:

- Sauti ikinyamaza ukikanyaga na kurudi ukiachia, washuku beringi za ndani ya giaboksi, hasa ile ya shafti inayoingiza nguvu. Ukikanyaga klachi shafti hiyo inasimama, ndiyo maana inanyamaza.
- Sauti ikianza pale tu unapokanyaga, mshukiwa wa kwanza ni rilizi beringi ya klachi.
- Isipobadilika kabisa, angalia mbele kwenye injini: alteneta, pampu ya maji, mikanda.

Kama umepiga resi na hakuna kitu, gari likisimama liko kimya kabisa, basi sauti yako inafuata tairi. Panda, twende barabarani.

Swali la pili: mguu wako unafanya nini?

Fika mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa kwenye tambarare. Ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi, weka nyutro, acha gari litembee lenyewe. Tafadhali, injini usiizime. Ukizima unapoteza nguvu ya breki na usukani unakuwa mzito, na ukichomoa funguo unaweza kujifunga kabisa. Na kipimo hiki si cha kufanyia kwenye mteremko. Sitaki kusikia mtu amejaribu nyutro Kitonga kwa sababu bwana shamba alisema.

Sauti ikiendelea vilevile na kupungua tu kadiri mwendo unavyoshuka, uwezekano mkubwa ni kitu kinachozunguka na tairi bila kujali nguvu ya injini: beringi ya tairi, breki inayogusa, tairi lenyewe, au propela.

Sauti ikikatika au kubadilika sana ulipoachia mafuta, basi inategemea mzigo wa nguvu. Meno ya gia yanalia yakisukumwa. Hapo wamebaki wawili, giaboksi na difu, na kuwatenganisha si kazi ngumu. Kaa kwenye mwendo uleule, tuseme kilomita 40, ukiwa gia namba tatu. Kisha ingiza namba nne, mwendo uleule. Kwenye pikapu nyingi za zamani zinazosukuma nyuma zenye gia tano, namba nne inapitisha nguvu moja kwa moja, haipiti kwenye meno ya shafti ya pembeni. Kama namba tatu inasaga na namba nne imetulia, giaboksi ndiyo yenye kesi. Kama gia zote zinalia sawasawa kwa mwendo uleule, geuka utazame nyuma: difu.

Difu nayo ina tabia yake. Mara nyingi huanza kwa kuvuma, "uuuuu," kabla ya kufika kusaga. Inavuma ukikanyaga mafuta, inanyamaza ukishikilia mwendo, au kinyume chake inavuma ukiachia. Ukisikia sauti yenye tabia hiyo ya kubadilika na mguu, usiipuuze kwa sababu ni ndogo. Difu inayovuma bado unaweza kuikuta inahitaji beringi na marekebisho. Ukiiacha hadi isage, utakuta meno yameliwa na unanunua difu nzima.

Ongeza na hili: kama kusaga kunatokea wakati wa kubadilisha gia tu, halafu gia ikishaingia gari liko kimya, hilo ni suala jingine. Ama klachi haiachii vizuri, ama zile pete za kulainisha gia zimekwisha. Jaribu kuingiza rivasi gari likiwa limesimama: kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, ingiza. Ikisaga hata baada ya kusubiri, anza na klachi. Kuirekebisha klachi au kutoa hewa kwenye mafuta yake ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kushusha giaboksi.

Swali la tatu: kona

Hiki ndicho kipimo ambacho kingeniokolea mahindi yangu. Ukiwa kwenye uwanja mpana, mwendo wa wastani, yumbisha gari polepole kulia, kisha kushoto. Gari likikata kulia, uzito unalalia upande wa kushoto. Kwa hiyo sauti ikizidi ukikata kulia, shuku beringi za kushoto. Ikizidi ukikata kushoto, shuku za kulia.

Mara nyingine sio sauti ya kusaga bali "ta-ta-ta-ta" ukikata kona kali kwa mwendo mdogo. Hiyo kwa gari linalovuta mbele, au 4WD yenye mikono ya mbele inayokunjika, ni jointi ya ule mkono. Angalia buti lake la mpira. Likichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa msasa. Buti likiwahiwa, gharama ni ndogo.

Ukitembea kilomita kama 20 bila kutumia breki sana, simama, sogeza nyuma ya kiganja karibu na katikati ya kila ringi. Usiguse kwa pupa, utaungua. Tairi moja likiwa la moto kuliko wenzake, hapo kuna beringi inayosaga au breki inayoshika. Kisha inua tairi hilo kwa jeki, weka stendi, zuia matairi mengine kwa mawe, likamate juu na chini ulitikise. Likicheza, hilo halisubiri mavuno. Lizungushe kwa mkono pia. Beringi nzima inazunguka kimya. Iliyochoka utaisikia hadi kwenye vidole, kama kuna changarawe ndani.

Sheria moja isiyo na mjadala: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Spea zinauzwa, kifua chako hakiuzwi.

Kabla ya hayo yote, angalia vitu vya aibu

Nasema vya aibu kwa sababu vinatuaibisha. Gari la shamba linapita kwenye changarawe, matope na visiki. Kijiwe kidogo kikinasa kati ya diski ya breki na ile sahani ya bati ya kukinga vumbi, kinapiga kelele ambayo utaapa gari limekufa. Kisiki kikilipinda lile bati likagusa diski, ni hivyohivyo. Pedi za breki zikiisha hadi chuma, kinachosaga ni breki, na hapo sauti itazidi ukikanyaga pedali ya breki.

Tairi lililoliwa vibaya nalo linavuma kama beringi. Njia ya kulijua: sauti ya tairi hubadilika sana ukitoka kwenye lami kwenda kwenye vumbi, ya beringi haibadiliki sana. Ukiwa na mashaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Sauti ikihama nayo, umeshapona bila kununua chochote.

Wenye 4WD ya mkono, angalieni kama gia ndogo imebaki imeingia. Kutembea na 4WD kwenye lami kavu kunabana mfumo wote kwa sababu mbele na nyuma havipati nafasi ya kupishana kwenye kona. Na kufunga matairi ya saizi tofauti mbele na nyuma kunaleta kubanana kulekule.

Oili haidanganyi

Kama bado una shaka kati ya giaboksi na difu, fungua nati ya kujazia oili pembeni. Kwenye pikapu nyingi za aina hii, oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu hilo gari likiwa sehemu tambarare. Ingiza kidole. Usipoigusa, umeshajua kitu kikubwa sana: kuna mahali inavuja, na gia zimekuwa zikisagana kavu. Tazama sili ya difu pale propela inapoingia, tazama na ndani ya tairi za nyuma kama kuna unyevu wa oili.

Kisha mwaga kidogo kwenye chombo safi, uangalie juani:

- Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia.
- Ute wa kijivu laini kwenye sumaku ya nati, kwa gari la kilomita laki tatu na zaidi, ni uchakavu wa kawaida.
- Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au kipande cha jino, ni msiba. Usiendeshe, vuta.
- Unga wenye rangi ya dhahabu kwenye oili ya giaboksi ni zile pete za kulainisha gia zinakwisha.

Suala la maji naomba mlitilie maanani ninyi mnaovuka mito. Difu ina tundu dogo la kupumulia juu, mara nyingi limezibwa na tope. Difu ikiwa ya moto halafu ukaiingiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kunyonya. Tundu likiwa zima inanyonya hewa. Likiziba inanyonya maji kupitia kwenye sili. Kusafisha tundu hilo ni kazi ya dakika mbili na kitambaa. Sijui kwa nini hatufanyi.

Na oili yenyewe usimwage yoyote iliyopo dukani. Difu za pikapu hizi zinahitaji oili ya daraja la GL-5, kwa sababu meno yake yanateleza yakiwa yamebanana sana. Giaboksi inaweza kutaka tofauti, na kuna giaboksi za zamani ambazo GL-5 inadhuru zile pete zake. Fuata kitabu cha gari lako, sio mazoea ya kijiweni.

Ukifika kwa fundi

Sasa nenda kwa fundi. Vipimo hivi havimwondoi fundi, vinamheshimu. Fundi mzuri anafurahi ukimwambia: "Fundi, gari likisimama liko kimya. Linasaga kuanzia kilomita 30. Nyutro haibadilishi. Kona ya kulia inazidi. Tairi la nyuma kushoto linapata moto." Hapo atafungua sehemu moja, sio tano. Yule atakayekasirika kwa sababu umejua, huyo amekusaidia, umeshajua pa kutokwenda.

Omba vitu vitatu. Kwanza, akionyeshe kilichoharibika kabla hujaenda kununua kipya. Pili, uende dukani na beringi ya zamani mkononi, ulinganishe namba zilizochongwa juu yake, maana zinazofanana kwa macho hazifanani kwa kipimo. Tatu, urudishiwe ulichotoa. Na kwenye beringi usitafute bei ya kutupa. Ya bandia utaibadilisha tena kabla ya msimu kuisha, na nauli ya presi utailipa mara mbili.

Kwenye daftari la shamba, palepale unapoandika mbolea na vibarua, fungua ukurasa wa gari: tarehe, sauti, kilichobadilishwa, oili gani. Gari ni kiungo cha shamba kama pampu ya maji.

"Si uuze tu?"

Kuna wanaoniambia: bwana shamba, unatufundisha kuuguza maiti. Mkweche wa mwaka 1999 si wa kuuza tu, mtu akope achukue jipya?

Hoja hiyo naiheshimu, ila siikubali nzima. Gari "jipya" tunalolimudu wengi wetu ni la mtumba pia, na historia yake huijui. Hili la zamani, ukishalipima na kuliandika, unajua beringi ipi ni mpya na difu ilibadilishwa oili lini. Kwa mkulima, mkweche unaoujua ni salama kuliko mtumba unaong'aa usioujua, na mkopo wa gari una marejesho kila mwezi wakati nyanya hazilipi kila mwezi.

Lakini nao wasilikumbatie hadi liwaue. Fremu ikiwa imeoza, injini inakunywa oili, na difu inataka kubadilishwa nzima kwa mpigo mmoja, hesabu zinakataa. Uza kwa ukweli, mwambie mnunuzi linachoumwa. Ninachokataa mimi ni kuuza au kununua kwa hofu ya sauti ambayo hujaipima. Hilux yangu nusura niiuze kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya beringi moja.

Na ninachokataa zaidi ni kile cha "ngoja nimalizie msimu." Kuna kijana mmoja, mkulima hodari wa nyanya, alisikia nyuma kunasaga wiki mbili. Alikuwa na mavuno ya kwanza na bei ilikuwa nzuri, akasema gari litasubiri. Halikusubiri. Beringi ya nyuma ilisambaratika njiani akiwa na matenga ya nyanya zilizoiva, hafu shafti ikatoka nje na tairi lake, gari likalalia upande. Yeye na mdogo wake walitoka salama, namshukuru Mungu. Nyanya zilikaa juani hadi kesho yake jioni kabla ya kupata gari la kuzihamisha, na unajua nyanya iliyoiva inakuwaje baada ya jua la siku mbili. Alichopoteza siku hiyo kingenunua beringi za matairi yote manne na chenji ikabaki.

Alichoniambia baadaye sijakisahau. "Kaka, nilikuwa naisikia. Nikawa naongeza sauti ya redio."

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujapakia mzigo, zima redio. Shusha vioo. Endesha kilomita mbili ukiwa mtupu na daftari kwenye kiti cha pembeni, uandike unachosikia. Nusu saa hiyo haina gharama, na inaweza kukubakishia gunia kadhaa ghalani.

Kazi njema, na tukutane shambani.